Diski Niliyoiweka kwa Gidahosh

Gitting, Hanang
Jumanne

Kwa Mpwa wangu Evaline,
Mwanachuo wa Kompyuta, Babati.

YAH: DISKI ULIZOCHAGUA BILA KUFIKIRIA SISI WAFUGAJI

Marahaba. Nakujibu mapema kwa sababu najua ungeanza na shikamoo. Huku sote wazima, isipokuwa kompyuta.

Nakuandikia kama mjomba wako na kama mtu aliyegusa kompyuta kabla ya wilaya nzima. Ile mashine ya kuvuna ngano ilipozimika shambani, mafundi walihangaika siku tatu. Mimi niliiangalia tu ikawaka. Shule niliishia darasa la saba kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha.

Jumapili hii Baba Askofu anakuja kutoa kipaimara. Nilisimama kanisani nikatangaza kwamba vitabu vya misa, vyenye majina ya watoto themanini na wanne, vitachapwa kwenye steshenari yangu. Majina yote yamo kwenye kompyuta, na kompyuta haiwaki. Nikikosa, kazi inavuka barabara kwenda steshenari ya Yonas, mkwe wa mama yako mkubwa Fausta, na hakuna atakayeniita Injinia tena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema mifumo miwili isilale diski moja. Windows yangu ya kuchapia ikae kwenye ile ndogo ya kisasa, Linux yako ya masomo ya likizo ikae kwenye ile kubwa inayozunguka, ili moja ikipata ajali nyingine ibaki. Sikupinga. Lakini hiyo ndogo ni nyepesi kama kipande cha sabuni na haitoi sauti. Mfanyakazi asiyesikika nitajuaje kama yuko kazini? Ile kubwa inanguruma kama mashine ya kusaga, na hiyo ukajipa wewe.

2. Ilipokuwa bado inawaka, kila asubuhi kompyuta ilikuwa inaniuliza niingie mfumo gani. Inahesabu sekunde kumi, nikichelewa kuvaa miwani inaingia kwako. Mpwa anamtangulia mjomba, na salamu haitoi.

3. Kazi uliiacha nusu. Uliposema habari ya ajali nilikuelewa palepale, maana ndivyo tunavyofuga. Hakuna mwenye akili anayefungia ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine unawaweka kwa rafiki mbali. Yeye anakunywa maziwa, ndama ni wako. Wewe diski zote mbili uliziacha ndani ya boksi moja, utafikiri Hanang hakuna radi. Nikafungua boksi, nikachomoa ile kubwa, nikaipeleka Basotu kwa Gidahosh, mfugaji ambaye ng'ombe wangu kwake hawajawahi kupungua. Aliuliza inakula nini. Nikamwambia umeme. Umeme hana, basi kila asubuhi anaitoa nje anaianika jirani na sola ya simu. Wiki ya pili akanipigia: rafiki, huyu wako mbona hana maziwa? Nikamwambia avumilie, Evaline, pengine bado ni mtamba.

4. Tangu niichomoe ile kubwa, kioo ni cheusi, kina mstari mmoja wa Kiingereza. Fundi Tito wa Katesh ameniambia kwa simu kwamba mlango wa kuwashia mifumo yote miwili uliuweka kwenye diski moja, ile kubwa, badala ya kila diski kuwa na mlango wake. Yaani nyumba iko Gitting, mlango unaanikwa Basotu. Ni nani anajenga hivyo?

Kwa heshima zote nadai ufike kabla ya Alhamisi na diski ya tatu yenye mlango wake. Hiyo nitaiweka kwa rafiki yangu mwingine, Sulle wa Hirbadaw. Ya nne iende Mbulu. Kioo kitakaa kwa jirani yangu Oliva, kibodi kwa katekista. Tukimaliza, boksi litabaki tupu kabisa, na hapo radi ipige inavyotaka.

Wasalimie wazazi, wanachuo wenzako, na huyo mwalimu aliyekufundisha kuweka milango.

Ni mimi mjomba wako, mwenye uchungu na maendeleo,
Maximilian
Injinia, Gitting

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, Gidahosh akafika na pikipiki. Amerudisha diski, anasema ni tasa. Nimefungua boksi niichomeke, nikakuta hata ile ndogo haimo. Ndipo nimekumbuka: siku ile ile niliyotoka Basotu radi ilipiga, nikaikimbiza kwa Fausta. Kwa hiyo muda wote huu nawasha kompyuta isiyo na diski hata moja, na Tito alikuwa anabahatisha. Nimempigia Fausta. Naye amefuata desturi, ameiweka kwa mkwewe Yonas. Yonas ameifungua, amekuta majina, na jana amechapa vitabu vyote. Padri amevisifu. Nimemkumbusha Yonas kwamba maziwa ni yake ila ndama ni wangu, kwa hiyo Jumapili vitabu nitavibeba mimi kuingia navyo kanisani. Futa lalamiko la kwanza, la tatu na la nne. La pili libaki.