Jinsi Feni ya Kanisa la Kathonzweni Ilivyonyamazishwa

Tegeni masikio, enyi watu wa Kathonzweni, nanyi wa Mutomo mnaochomwa na jua lile lile, niwasimulie vita alivyopigana Wavinya, muuza vipuri vya kompyuta, Mtuliza Mitambo, ambaye hakiki zake za feni husomwa kwenye grupu ya WhatsApp kutoka sokoni hadi barabara ya lami!

Katika siku hizo mbaya kompyuta ya kanisa ilikuwa ikipata moto na kuzima kila waimbaji walipofika ubeti wa pili, maneno ya wimbo yakatoweka ukutani. Kaveke, mlinzi wake, aliyechapa nyimbo mia mbili kwa vidole viwili, aliilaza juu ya gunia lililoloweshwa, kama maziwa yanayongoja kupelekwa sokoni. Wapi! Pasta akatoa amri: ikizima tena Jumapili, vitabu vya nyimbo virudi, na Kaveke arudi kupanga viti. Mama wa watu akakosa hata hamu ya chai.

Ndipo akasoma hakiki ya Wavinya: "Feni mbabe! Upepo wa kimbunga! Haina mpinzani!" Akainunua mbio mbio. Kumbe maneno hayo aliandikiwa Gedion, shujaa wa michezo ya kompyuta, ambaye huziba masikio kwa hedifoni. Katika mazoezi ya Alhamisi feni ilinguruma hadi waimbaji wa besi wakakiacha kinanda, wakafuata mlio wake.

Kaveke akalivamia duka.

"Mwiitu, binti yangu, umeniuzia posho mill ya kusaga mahindi! Uliandika ni kali, haukusema inapiga makelele. Jumapili nikiaibika, nitaambia watu ni wewe!"

Wavinya akasimama, kalamu mkononi mithili ya mkuki.

"Mama, kosa ni langu! Nilimwandikia Gedion, nikakuacha wewe usome. Tangu leo, kila msomaji na hakiki yake!"

Akaketi, akaandika kama aliyepagawa. Wachezaji akawaandikia nguvu. Wenye maduka ya kando ya barabara akawaandikia vumbi, na namna ya kulipangusa. Watu wa kanisa akawaandikia hivi: "Hii hutaisikia hata kwenye maombi ya kimya. Utasikia kwanza tumbo la jirani." Kaveke akasoma, akacheka, akabadilishiwa feni papo hapo.

Jumapili ikafika. Ubeti wa pili ukapita. Wa tatu ukapita, Kaveke amefumba macho kwa hofu. Wa nne! Wa tano! Kaveke akalia waziwazi mbele ya wazee, wala hakujali. Basi na iandikwe katika kumbukumbu za nchi hii kavu: siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu kompyuta iingie kanisani, Kathonzweni yote iliufikia ubeti wa sita.