Kilo Tisa za Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Bado nimeshtuka. Leo nimemsindikiza mke wangu kliniki, mimba ya miezi minane. Sista akampandisha kwenye mizani, akasoma kwa sauti ya mnadani: kilo tisini na nane. Benchi zima likageuka. Mke wangu akashuka akitazama sakafu. Iliniuma sana.

Kabla hatujaondoka Sista aliniita pembeni. Amesema mama akiwa na uzito mkubwa ni rahisi kupanda presha au kupata sukari, mtoto naye huweza kuwa mkubwa mno, uchungu ukarefuka mpaka apasuliwe. Kwa hiyo anayezidi tisini na tano hazalii pale. Anaandikiwa barua ya hospitali kubwa. Atampima tena Jumatatu ijayo, ahakikishe.

Hospitali kubwa! Mkuu wa wauguzi wa wodi ya wazazi kule ni Shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji huyu ndiye aliyeniuliza, siku ya kwanza nilipokwenda kwao, kama kukaza skrubu nako ni kazi. Sasa eti mwanangu apokelewe na yeye, mimi nikae koridoni nimeshika ndala za mgonjwa. Labda niwe nimekufa.

Jumatano, 6 Machi

Mimi ni fundi mizani. Mizani ya bucha, ya posta, ya kliniki, zote nazihudumia mimi. Na leo ilikuwa zamu ya kliniki. Nani kasema sina bahati?

Nimefungua kifuniko cha chini, nimekaza skrubu moja ndogo kuliko punje ya mchele. Ikiwa tupu inasoma sifuri, hakuna wa kushuku. Ikipandwa, inakula karibu kilo moja katika kila kumi na moja. Nimepanda mwenyewe: kilo sabini, nikawa sitini na tatu na ushei. Nikajiona kijana.

Nimepiga hesabu kwa ajili ya mke wangu. Hata akinenepa kidogo atasoma tisini. Atafurahi, atazalia hapa hapa mtaani, na Shemeji atapata habari kwa simu kama watu wengine. Nimemwambia mke wangu ale bila wasiwasi. Ameniuliza nimepatwa na nini.

Jumatatu, 11 Machi

Mke wangu: tisini kamili! Nilikuwa nimeandaa uso wa kushangaa, lakini Sista alishangaa kunizidi. Amerudia kumpima mara tatu. Kilo nane kwa wiki moja, mjamzito, tena asubuhi amekula mihogo sahani mbili. Mke wangu mwenyewe hakucheka. Alivuta gauni lililombana tumboni, kisha akanitazama.

Nilisahau kwamba mizani ile si ya mke wangu peke yake. Kila mama aliyepanda amepungua. Binti mmoja mwembamba, wa kilo arobaini na nne, alisoma arobaini, akalazwa papo hapo na kupewa uji kila saa. Mama wa mapacha aliangua kilio. Ikasemwa kuna ugonjwa. Mwingine akasema ni maji ya bomba, na wote wakamwaga maji ya chupa zao dirishani.

Aliyefurahi ni Sista tu. Alijipima akakuta amepungua kilo saba, akaanza kuwasimulia wenzake habari za kuacha mkate.

Jumanne, 12 Machi

Nimepigiwa simu na kliniki. Wanataka fundi aje aseme kama mizani ni mbovu. Fundi ni mimi.

Nilikuwa na nafasi ya kuilegeza ile skrubu na kusema ilikuwa mbovu. Lakini niliihudumia Jumatano! Shemeji akisikia fundi ameharibu mizani kwa kuitengeneza, atanicheka mpaka nizeeke. Nikapanga mawe yangu ya mizani, jumla kilo ishirini, nikamkinga Sista kwa mgongo, nikasoma kwa sauti: ishirini kamili. Yenyewe ilikuwa inasema kumi na nane. Nimebandika karatasi ya mizani sahihi, nimetia saini yangu.

Sista amenishukuru sana. Akasema basi, ikiwa mizani ni nzima, mke wangu amepoteza kilo nane kweli, na hilo ni jambo la hatari. Akaandika barua palepale. Hospitali kubwa, leo hii, bila kungoja kesho.

Nimekaa kwenye ngazi za kliniki.

Jumatano, 13 Machi

Jana jioni Shemeji alitupokea mlangoni. Amesoma barua, amemgusa dada yake miguu, imevimba. Presha iko juu. Amelazwa, haruhusiwi kushuka kitandani hata kwenda kupimwa uzito, kwa hiyo wamenakili kilo tisini za kliniki. Mtoto ni mkubwa. Mke wangu atapasuliwa kesho. Shemeji hakunikejeli hata kidogo, na hilo limenitisha kuliko presha.

Mimi nimeshika ndala.

Alhamisi, 14 Machi

Nitaandika kwa kifupi.

Asubuhi alikuja daktari wa usingizi. Akauliza uzito. Shemeji akasoma: tisini. Daktari akaanza kuandika, akieleza kwamba kuna dawa anazipima kwa uzito, hadi ile sindano ya kuzuia damu isigande baada ya upasuaji. Ikipungua haimlindi, na mama mwenye uzito mkubwa ndiye anayeihitaji zaidi.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Nikasema si tisini, ni tisini na tisa. Shemeji akaniuliza nimejuaje. Nikawaambia yote, skrubu, mawe, karatasi, saini. Daktari alibaki na kalamu hewani. Shemeji alinitazama kama mtu aliyeona paka akiongea.

Mke wangu ndiye aliyesema kwanza. Amesema alijua hajapungua, gauni lake linambana vilevile, na tisini na tisa haijawahi kumtisha. Kinachomtisha ni mimi kukaa na siri hiyo mpaka daktari ameshika kalamu. Kisha wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Nililia koridoni waziwazi, na Shemeji ndiye aliyeniletea maji.

Mtoto wa kiume, kilo nne na robo. Mama mzima. Mungu ashukuriwe.

Jumapili, 17 Machi

Jana nilikwenda kliniki kuilegeza skrubu. Binti mwembamba ameruhusiwa, ameapa hataki kuona uji tena maishani. Sista nilimwambia springi ilichoka. Alipanda, akashuka, akaniambia niondoke mbele ya macho yake.

Leo mke wangu, mtoto kifuani, ameniuliza kwa upole kama nimejifunza chochote. Nikamshika mkono nikamwambia nimejifunza sana, tena machozi yalikuwa ya kweli. Na ni kweli nimejifunza. Nimerudia hesabu yote hapa karatasini. Moja katika kumi na moja ilikuwa tamaa. Moja katika ishirini ingetosha kabisa: angesoma tisini na nne, na kliniki nzima hakuna ambaye angeshtuka.