Jamleck Aje Anishushie Mstari

Jumatatu, 4 Agosti 2008
Jamleck wangu, programa mzima wa kompyuta huko Westlands, Nairobi, hajakanyaga hapa Nakuru tangu Pasaka. Ati kazi. Jirani yangu Eucabeth, binti yake hutoka Naivasha kila Jumapili na maua. Nimechoka na hayo maua! Nimepata dawa: nijifunze kompyuta, nikwame, aje anikwamue.

Jumanne
Nikaenda cyber ya Nabalayo, duka la intaneti. Akaniwekea lugha ya kompyuta, Perl. Nikaandika amri ya print mara mbili. Ikatoka: Jamleck njooJamleck njoo. Imeshikana! Shida tamu. Nikampigia. Akacheka, akasema mathe, Perl haishuki mstari hadi uiambie, weka \n mwishoni. Nikaweka. Ikashuka. Simu ikakatwa hata sijauliza kama anakula.

Jumatano
Nikaomba lugha ngumu. Nikapewa Python. Msaliti! Ukisema print, inashuka yenyewe, hata hujaiomba. Mashine inajua kurudi mwanzo wa mstari bila kuitwa, na wa tumbo langu namwita tangu Pasaka.

Alhamisi
PHP! Hii amri yake ni echo, inaandikia watu wa intaneti. Weka \n, haijali, maneno bado yamebanana. Nikampigia. Akaanza kusema ukiwa kwa browser, pale watu husomea intaneti, unatumia br... Nikapiga kelele haloo, haloo, network imepotea! Nikazima, asije akanikwamua kwa simu. Jioni akatuma ujumbe: atakuja Jumamosi. Nikakimbia kumwambia Eucabeth hata kabla sijavaa viatu.

Jumamosi
Amekuja! Amekonda. Nilipika mukimo wa viazi na mahindi, na kuku. Nikaalika Eucabeth na chama chetu chote cha akina mama waone mtoto amesoma. Wakamkalisha kwa kompyuta niliyoazima kwa Nabalayo, awaonyeshe ni lugha gani inashuka yenyewe na gani inangoja kuambiwa. Eucabeth akauliza maswali mpaka kuku akapoa. Nilijaa sifa mpaka kooni. Jamleck akiondoka, mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, mathe, kuna kitu ulitaka kuniambia? Chama kilikuwa kinatazama. Nikasema ni hiyo mistari tu.

Jumapili
Nilichungulia kwa Eucabeth. Yeye na binti yake, wawili tu, wanachambua sukuma. Maua yako kwa ndoo.

Nikaenda kwa Nabalayo. Anasema kuna lugha ya Ruby: print haishuki, puts inashuka. Mbili ndani ya moja! Hata sijaigusa na nimeshakwama. Nimemtumia Jamleck ujumbe.

Safari hii nitaalika kwaya yote ya kanisa.