Saluni ya Buluu na Tepu ya Njano

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Kikao cha familia kimepitisha: tunaongeza gari la pili. Kigari cha mke wangu, fundi cherehani, kimejaa vitambaa na masanamu ya kujaribishia nguo. Miaka sita nasafiri kiti cha nyuma, nimekumbatia sanamu lisilo na kichwa. Basi! Nataka gari aina ya saluni. Ya kiasi, si ndogo si kubwa, yenye buti la heshima. Shemeji, kaka yake mke wangu, bingwa wa kujua kila kitu, anataka tuchukue basi dogo. Katika nyumba hii sijawahi kuchagua hata pazia. Hili nalitaka, jamani!

Mke wangu katoa masharti mawili. Magoti ya mama yake yaenee kiti cha nyuma, na gari lilale ndani ya geti. Nikishindwa hadi Jumapili jioni, Shemeji ndiye atakayechagua.

Jumanne, 4 Machi

Kimyakimya nimechukua tepu ya njano ya mke wangu. Nimepima kijia cha kando ya nyumba, kutoka ngazi ya saruji ya jikoni hadi getini. Tepu mara nne: mita tano na sentimita mbili! Saluni ya buluu niliyoiona kwa dalali ina mita nne na themanini na tano. Inabaki na nafasi ya ndoo. Shemeji naye kapima, kwa hatua. Kwa hatua! Nimecheka peke yangu mpaka mama mkwe kaniuliza kama nimekula vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kaleta basi dogo la kujaribu. Mama mkwe kaingia, kanyoosha miguu, kasema humu hata mkeka unatandikika. Moyo umenishuka hadi kwenye soksi.

Ijumaa, 7 Machi

Mtu haachi kusuka mbinu! Nimempeleka mama mkwe kwa dalali. Kabla hajaingia kwenye saluni, nikakisukuma kiti cha dereva mbele hadi mwisho. Nyuma pakawa uwanja! Mama mkwe kakaa, kapima magoti, kafumba macho, kakoroma. Sharti la kwanza limepita. Nimelichukua gari papo hapo.

Kasoro ndogo: kiti kimegoma kurudi. Dalali kavuta, kapiga teke, kasema kitazoea. Nimeendesha magoti yakiwa jirani na masikio.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu! Familia nzima uani, mimi naingia kwa madaha. Pua ya gari ikagusa ngazi ya jikoni, mkia ukabaki barabarani. Geti halifungi. Shemeji kacheka mpaka kakaa chini. Nikarudi nyuma hadi nje, sikuthubutu hata kushuka mle ndani.

Nikamlalamikia mke wangu kwamba tepu yake ni mwongo. Akauliza ipi, ile ya njano? Kumbe mkasi uliimeza sentimita kumi za mwanzo mwaka juzi. Inaanzia kumi, na mafundi wake wote wanajua, wanapunguza. Mimi nimeilaza mara nne: arobaini za uongo! Gari limezidi kwa sentimita ishirini na tatu. Sasa mtu angejuaje? Shemeji kasema hatua zake yeye zinaanzia sifuri.

Jumapili, 9 Machi

Nimejifunza. Asubuhi nimepima ngazi ya jikoni kwa tepu ileile: thelathini na tano. Nikatoa kumi, kama msomi. Ishirini na tano! Inatosha na chenji juu. Nyundo, patasi, vumbi. Mama mkwe kasimama mlangoni, kauliza yeye sasa atashukia wapi. Nikamwambia, mama, maendeleo yana maumivu yake.

Saa kumi na moja jioni nimeingia. Polepole, polepole. Pua ukutani, mkia ndani, geti likafungwa! Mke wangu kapiga vigelegele. Shemeji kalikagua geti mara mbili! Nina furaha mpaka machozi. Gari langu, nimelichagua mwenyewe.

Ila bado sijashuka. Mlango wa kulia unagonga ukuta wa nyumba, wa kushoto unagonga ukuta wa jirani. Habari ya upana haikutajwa kwenye masharti. Mke wangu kasema nirudi nyuma, nishuke, yaishe. Nirudi nyuma Shemeji akinitazama? Thubutu! Naandika humu humu, daftari juu ya usukani, magoti chini ya kidevu.

Dirisha la chumba cha mama mkwe limeelekeana na langu. Kanionea huruma, kanipitishia kikombe cha chai. Nimemshukuru sana. Nimemwomba anipitishie na nyundo, pamoja na ile tepu ya njano. Nikiutazama vizuri, ukuta wa jirani si mnene hata kidogo.