Bahari, Blenda na Unyasi Mdomoni

Jumatatu, 16 Desemba

Usiku wa kwanza wa novena, sala za siku tisa kabla ya Noeli, na tayari nimeonewa. Nyumbani kwangu! Watoto wa mtaa mzima wanatikisa njuga za vifuniko vya soda, sala haisikiki, maandazi ya jibini yameisha kabla sijapata la pili. Ndipo mke wangu Nubia akatangaza mbele ya majirani kwamba watoto hawajawahi kuona bahari, na mwaka huu tunakwenda pwani, Coveñas. Nikasema haiwezekani. Desemba blenda zote za mji huu huungua, na anayezifufua ni mimi, niliyeanza na bisibisi moja ya kuazima.

Kaka yake Nubia, shemeji Gildardo, mtu asiyewahi kutengeneza hata kitasa, akasema basi tuamue kwa aginaldo, michezo ya kutegana wanayocheza watu wote Noeli; anayemnasa mwenzake hupiga kelele jina hilo, apate pointi. Kila mmoja wao mchezo wake dhidi yangu. Nubia: kuuliza na kutojibu, anayemjibu mwenzake kaliwa. Gildardo: kutoa na kutopokea, anayepokea kitu mkononi kaliwa. Binti yangu Luz Dary, miaka saba: unyasi mdomoni, ukidaiwa huna, umeliwa. Mwisho tarehe 24. Wakishinda wao, bahari. Nikishinda mimi, au tukitoka sare, karakana wazi hadi mwaka mpya.

Nimekubali. Hesabu rahisi: mdomo mmoja, mikono miwili, akili timamu.

Jumanne, 17 Desemba

Nimekatakata ufagio mpya, nyasi tele mifukoni. Asubuhi Luz Dary kanivamia bafuni, anadai. Nikatoa ulimi. Upo! Akanuna. Nikaenda mezani kama mfalme. Nubia akaniuliza kama nataka kahawa. Nikasema ndiyo.

Aginaldo! Nyumba nzima ikapiga kelele, hata mwanangu Deiber wa miaka minne, asiyecheza. Nikalalamika kwamba hilo ni swali la kahawa, si la mchezo. Gildardo (aliingia saa ngapi?) akasema swali ni swali, shemeji, kunywa kahawa yako.

Bila kwa moja.

Jumatano, 18 Desemba

Mbinu mpya: simjibu mtu yeyote. Ukizoea kunyamaza, huwezi kuteleza. Bi Ofelia kaja karakana kuuliza kama blenda yake imepona. Nikamtazama. Akauliza tena. Nikamtazama kwa heshima zaidi. Akapiga ishara ya msalaba, akauliza kama nimepatwa na kiharusi, akabeba blenda yake kwa yule fundi wa sokoni. Na ilikuwa imepona!

Lakini jioni, niko juu ya ngazi natundika taa, nikamwambia Gildardo anishikie bisibisi kidogo tu. Akashika! Aginaldo! Sare. Nusura nianguke kwa furaha.

Ijumaa, 20 Desemba

Sielewi kwa nini hakuna anayenisemesha. Niandike ilivyokuwa.

Deiber alikuwa amepanda meza ya hori la Noeli kumlisha ngamia wa udongo uji. Gildardo akamdaka, akaninyooshea: mshike mwanao, ananiteleza! Mtego. Nikaficha mikono mgongoni. Deiber akateleza kweli, taratibu, akaikalia Bethlehemu. Hakuumia. Wamevunjika kondoo wawili na mfalme mmoja. Nubia akaja mbio, akauliza mimi ni baba wa namna gani. Swali! Kimya. Akauliza kama nimesikia. Swali lingine! Nikatabasamu. Luz Dary akanikodolea macho; nikajua anadai, nikamwonyesha unyasi.

Sikupoteza pointi hata moja. Mashambulizi yote nimeyazuia kwa dakika moja! Na bado chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Jumapili, 22 Desemba

Misa. Gildardo ndiye aliyekuwa akimsaidia padre kukomunisha, na foleni yangu ikaishia kwake. Makusudi, naapa. Nipokee? Nisipokee? Nikahamia foleni ya padre kwa mwendo wa kaa. Nilipofika mbele yake nikakumbuka unyasi, nikautemea kiganjani kwa adabu zote.

Narudi kwenye benchi, nimeinamisha kichwa, mdomo safi kama wa malaika. Luz Dary akaninong'oneza sikioni: unyasi! Kanisani! Damu yangu mwenyewe!

Moja kwa mbili.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimepika natilla, uji mzito mtamu wa Noeli, kwa mikono yangu: maziwa, mdalasini, zabibu kavu. Luz Dary amekula mabakuli mawili. Katikati ya la tatu, nikadai. Akatafuta kwa ulimi. Akatafuta bakulini. Ameumeza! Akalia, na si kwa ajili ya unyasi. Kumbe ameshapakia ndoo ya kuchezea mchanga. Nikamwambia mchezo ni mchezo.

Sare tena. Bakuli langu sijalimaliza. Labda mdalasini umezidi.

Jumanne, 24 Desemba

Nilipanga kuumaliza usiku nikiwa nimejaza andazi zima mdomoni, nisiweze kujibu swali lolote. Sala ya mwisho ikaisha. Deiber akanivuta suruali, akauliza bahari inapokwisha kuna ukuta? Huyu hachezi, kwa hiyo nikameza, nikamwambia sijui. Nubia, nyuma yangu, kwa sauti ya chini, akauliza: kumbe na wewe hujawahi kuiona? Nikasema hata siku moja. Marehemu baba aliahidi kila Desemba.

Nikagutuka. Nimejibu! Nikangoja wapige kelele. Gildardo anatazama dari. Nubia ananipangusa makombo shavuni. Sasa sielewi. Wasipodai, si pointi. Sheria iko wazi! Sare ni karakana! Nikafungua mdomo nidai haki yangu, Luz Dary akaniuliza tunaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi alfajiri, kabla malori hayajajaza barabara.

Nani kasema hivyo? Mimi?

Jumamosi, 28 Desemba, Coveñas

Haina ukuta. Deiber ameionja, akauliza nani aliyetia chumvi yote hii.

Lakini blenda ya muuza juisi hapa ufukweni inalia kama paka, na mimi najua zangu huko nyumbani zinaningoja. Nimewapa dau jipya. Nikishinda, kesho kutwa tunarudi. Wakishinda, wiki nzima zaidi. Kosa langu lilikuwa kuchanganya michezo. Safari hii ni mmoja tu, kutoa na kutopokea, na Deiber naye nimemwingiza, maana mtoto mdogo hana hila. Hesabu haiwezi kunidanganya mara mbili.

Deiber kaja sasa hivi, maji mpaka masikioni, kaniwekea kiganjani kitu cha baridi. Konokono wa bahari! Mzima! Anatoa pembe! Nimekunja vidole asije akaanguka.

Mbona wote wanapiga kelele?