Nimemvamia Jirani na Hakuna Anayenizuia

Chumba Namba Tatu,
pamoja na sehemu kubwa ya Chumba Namba Mbili,
Jengo la Mafundi.

Kwa Waheshimiwa Mataifa Yote,
Ukumbini Mnamokutana.

YAH: MALALAMIKO JUU YA UPOLE ULIOPITA KIASI

Waheshimiwa,

Natumai barua hii itawakuta mmekaa, maana nikisikiliza redio naona kukaa ndiyo kazi yenyewe: mmekaa kikao cha dharura, mmekaa kikao cha pili, na mkichoka kukaa mnaahirisha ili mkakae tena. Mimi kiafya sijambo. Kero yangu iko moyoni, na aliyeileta si mwingine ila ninyi.

Mimi ni fundi wa vitanda. Jengo letu ni refu, lina vyumba tisa, na kati ya chumba na chumba kuna ukuta wa plaiwudi tu. Mtu akipiga chafya namba moja, wa namba tisa anamwombea afya. Kushoto kwangu, namba mbili, yupo dada mmoja wa makamo anayeshona sare za shule, sote tunamwita Mama Sare. Kulia kwangu, namba nne, yupo mpiga picha za paspoti. Mwenyekiti wetu anaitwa Balozi, kwa sababu aliendesha gari la balozi miaka kumi na moja, na kila alichokisikia kutoka kiti cha nyuma amekifanya katiba ya jengo. Ni mtu mwema sana.

Miezi miwili iliyopita nchi moja iliingia kwa jirani yake na vifaru. Kila asubuhi redio ya kinyozi ilitueleza jinsi mlivyolipokea jambo hilo. Wenzangu walisikitika. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimepata oda ya kitanda cha futi sita kwa sita, chumba kimenibana, basi nikawa nasikiliza kwa makini kuliko wote. Nikajisemea, kumbe mambo yenyewe ndiyo haya? Alhamisi moja nikang'oa ukuta, nikausogeza hatua moja ndani ya chumba cha Mama Sare.

Sikwenda kihuni, sababu nilikuwa nazo. Nilibandika tangazo kwamba vumbi langu la mbao limekuwa likiishi upande ule tangu enzi, kabla cherehani haijaja, na kwamba linanyanyaswa kwa kufagiliwa kila jioni. Nilikwenda kulilinda tu.

Nilitegemea kipigo. Kweli kabisa, Waheshimiwa, siku ile nilivaa suruali mbili. Badala ya kipigo nimepata yafuatayo, nami nayaorodhesha kwa adabu.

1. Wasiwasi. Balozi aliitisha kikao cha dharura kilichokwenda saa tatu nzima. Ukuta haukutajwa. Kilichobishaniwa ni kama waseme wana wasiwasi, wasiwasi mkubwa, au wasiwasi mkubwa sana. Fundi saa alitishia kutoka nje neno "sana" likiingia, akidai linafunga milango ya mazungumzo. Mwishowe nikabandikiwa karatasi mlangoni, ina mhuri wa bluu, wana wasiwasi mkubwa. Niliisoma mara mbili nikitafuta palipoandikwa nirudishe ukuta. Hapakuwepo. Basi nikausogeza hatua ya pili, nisije nikaonekana sikuipokea barua yao.

2. Pande zote mbili zilitakiwa kujizuia. Mimi nilikuwa na nyundo, msumeno na ukuta. Mama Sare alikuwa na pini mdomoni. Balozi alimwomba azitoe zile pini ili kupunguza joto, naye akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kimto chake cha pini. Aibu niliiona, sikatai. Lakini aibu si amri.

3. Vikwazo. Hapa nilipata matumaini. Kinyozi alitangaza mbele ya watu kwamba hataninyoa mpaka nirudi kwenye mipaka yangu, nikasema naam, sasa tunaongea. Tatizo ni kwamba wateja wake wanakaa kwenye mabenchi yangu, na wiki ile ile akaagiza mengine mawili, akaniomba nimpelekee kwa mlango wa nyuma ili msimamo wake usiharibike. Fundi saa naye akaizuia saa yangu iliyokuwa kwake kwa matengenezo. Saa hiyo iko kwake mwaka wa pili sasa, kwa hiyo sikuona tofauti. Na mwenye duka la vifaa, namba saba, alilaani uvamizi kwa sauti iliyotikisa plaiwudi zote, kisha akaniuzia mimi misumari ya kusogezea ukuta, na Mama Sare akamuuzia komeo la kujikinga nami. Alituuliza sote wawili kama tutahitaji zaidi wiki ijayo.

4. Vitambaa. Ikaamuliwa kila mlango ufungwe kitambaa cha bluu, rangi ya sare, kuonyesha kwamba jengo zima liko pamoja na Mama Sare. Yaani tulipendeza, ungedhani kuna harusi. Sasa ulizeni vitambaa vilitoka wapi. Vilitoka kwake! Zilikatwa sketi nne nzima za wanafunzi ili mwenye sketi aungwe mkono. Na mimi nililetewa changu, nikakifunga mlangoni, maana kukataa kitambaa cha watu ni utovu wa adabu.

5. Kura. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, naomba mlisome taratibu. Lango la jengo lina makufuli matano, na wapangaji watano wa mwanzo ndio waliopewa funguo. Katiba ya Balozi inasema jambo kubwa halipiti mpaka wenye funguo wote wakubali. Mimi ufunguo ninao, maana lango lenyewe nililitengeneza kwa mkono wangu. Basi ikapigwa kura kwamba nirudishe ukuta. Mikono minane juu. Halafu Balozi akanigeukia kwa heshima zote akaniuliza kama na mimi naafiki kuzuiwa. Jamani! Wazee walisema kesi ya nyani usimpelekee ngedere, lakini hata wao hawakufikiria kwamba nyani atapewa rungu la hakimu, aulizwe na kama kiti kimemkaa vizuri. Nilikataa. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Wakaandika kwenye daftari kwamba wamesikitishwa, wakanishukuru kwa kuhudhuria.

6. Waangalizi walitumwa wawili. Walikaa siku tatu katika eneo lenye mgogoro, juu ya viti nilivyowapa mimi, wakaandika kwamba ukuta upo. Nani kauhamisha? Hilo, walisema, hawakutumwa.

7. Amani. Wiki iliyopita Balozi alikuja na mpango wa amani, ameupiga chapa kabisa. Ile nusu niliyokwisha kuichukua nibaki nayo, na ile nusu iliyosalia tugawane, kila mtu aumie kidogo. Mimi nilitaka hatua moja tu ya kupitishia kitanda, Waheshimiwa. Nimepewa robo tatu ya chumba cha watu na nikapigiwa makofi kwa moyo wa maridhiano.

Na katika robo tatu hiyo limo dirisha. Dirisha lile ndilo jicho la Mama Sare, anashonea mwanga wake miaka yote kwa sababu macho yake hayapatani na taa. Sasa cherehani yake iko ujiani, watu wanampita huku wakijibana, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Ana sare tisini za kumaliza. Mpaka leo amemaliza thelathini na moja. Najua kwa kuwa nazihesabu, kupitia tundu la msumari.

Juzi alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kulia, nikajiandaa. Hakulia. Alivua tepu yake ya kupimia shingoni, akanitia mkononi, akasema, "Fundi, kupima unajua. Hebu pima mwenyewe." Kisha akarudi ujiani kwenye sare zake.

Nikapima. Nilianza na chumba chake, nikaacha haraka. Nikapima changu, nikapima na kitanda, nikarudia mara tatu. Kumbe kitanda kile kikisimamishwa ubavu kilikuwa kinaenea chumbani kwangu tangu siku ya kwanza, na nafasi ya kupita inabaki. Sijamwambia mtu. Nawaambia ninyi kwa kuwa najua hamtafanya lolote.

Shida iliyobaki ni heshima. Mtu mzima mwenye ndevu, tena ndevu zilizowekewa vikwazo, hawezi kuamka tu akarudisha ukuta eti kwa sababu kaaibishwa na tepu. Anahitaji kusukumwa. Kwa hiyo ombi langu ni fupi: njooni mnizuie. Ukuta unabebwa na watu wawili wa kawaida. Misumari nimeipiga nusu, makusudi, vichwa viko nje vinawasubiri. Nitapiga kelele kidogo kwa ajili ya jina langu, msizijali hizo. Lakini njooni kabla ya Jumatatu.

Mkileta karatasi nyingine, nawaonya kwa upendo, nitaendelea. Baada ya namba mbili kuna namba moja. Baada ya namba moja kuna barabara, na ng'ambo ya barabara kuna zahanati ina ukumbi mzuri, una hewa, una madirisha sita. Vumbi langu limeshafika huko, na wauguzi wanalifagia bila huruma. Mimi mwenyewe nikijitazama naogopa.

Nisalimieni mataifa makubwa yenye funguo. Nisalimieni na madogo yanayokaa nyuma, na wakalimani wenu wanaohangaika kutafuta neno "wasiwasi" katika lugha zote za dunia. Na yule anayegonga nyundo mezani, mwambieni salamu zake zinatoka kwa fundi mwenzake, nyundo ni ya misumari.

Ni mimi, mvamizi wenu mtiifu,

Fundi Vitanda.

Tanbihi: Barua hii ichaneni yote. Nilipokwenda kutafuta bahasha, mpiga picha wa namba nne alisogeza ukuta wake hatua mbili ndani ya chumba changu. Anadai mwanga wa kamera yake umekuwa ukiishi kwangu tangu enzi. Vumbi ni kitu kingine, Waheshimiwa, vumbi linashikika, lakini mwanga? Huu ni uvamizi wa mchana kweupe, na upole si wakati wake. Njooni leo, wote, na vifaru. Balozi ameshaitisha kikao na sasa hivi wako kwenye neno "mkubwa". Nimeombwa nishushe nyundo ili kupunguza joto, nami nikaiweka chini. Kuna watu wamekuja kuchukua shuka la kitanda changu wakate vitambaa vya kuniunga mkono. Aliyekuja kusaidia ni mmoja tu, Mama Sare. Ameiacha sare ya thelathini na mbili kwenye cherehani, ameiokota ile nyundo, amesimama hapa katikati ya kuta mbili, ananiuliza tuanze na upi. Nimemjibu kwamba suala hilo ninalifuatilia kwa karibu.