Panya Wenu na Majani ya Uani Kwangu

Kwa Daktari Mkuu,
Kitengo cha Utafiti wa Dawa za Asili,
Hospitali Kuu.

Ndugu Daktari,

YAH: KUDHARAULIWA KWA MAJANI YANGU

Kwanza nakuombea afya njema, ingawa kwa kazi yako nadhani unayo akiba.

Mimi ni fundi cherehani, mgonjwa wa sukari kwa mwaka wa sita sasa, na kadi yangu mnayo. Tangu mwezi wa pili niliacha vidonge vyenu, ambavyo hata hivyo nilikuwa nikivisahau mara kwa mara, nikahamia kwenye majani yanayoota uani, nyuma ya bafu. Mke wangu huyakausha, huyatwanga, kisha hunikorogea kijiko asubuhi na kijiko jioni. Sukari imeshuka kutoka kumi na saba hadi saba. Sitii chumvi, mashine iliyopima ni yenu. Tundu la sindano naliona tena bila kuazima macho ya mtu. Kwa hiyo naleta malalamiko yafuatayo.

1. Mnafanya utafiti kama watu wanaokimbizana na mitindo ya nguo. Mwaka juzi bango la ukutani kwenu lilisifu mlonge, mwaka jana mdalasini, mwaka huu mbegu za uwatu. Mimi nashona, najua mtindo ni nini: ni kitu kitakachorudishwa mwakani kipunguzwe. Majani yangu hamyataji kwa sababu hayana jina. Mbona mtoto asiye na jina hanyimwi chanjo?

2. Niliwaletea mfuko mzima, nimeyachuma kwa mkono wangu. Mkawapa panya, kisha mkanijibu kwa maandishi kwamba sukari ya panya haikushuka hata kidogo. Mheshimiwa, panya hao walitwangiwa na nani? Mimi nina mke. Matokeo hayo nayakataa kwa niaba ya majani na kwa niaba ya mke wangu.

3. Dirisha lenu la dawa linaendelea kumpa mke wangu vidonge vyangu kila mwezi, kana kwamba sijaacha. Yeye huenda kuvichukua, nadhani kwa adabu tu, asiwavunje moyo wahudumu. Nyumbani sivioni. Vinakwenda wapi sijui, wala sijauliza.

4. Ushahidi mnaoutaka ninao. Kaka yangu, aliyenifundisha kukata suruali na anayeniamini kuliko anavyowaamini ninyi, naye ni mgonjwa wa sukari. Ameacha vidonge siku ya tisa leo. Mke wangu nilimwomba atwange fungu la pili, sikumwambia la nani, akasema amechoka, basi nikamtwangia mwenyewe. Kaka hana tatizo lolote, ila kiu, na safari za msalani zisizokwisha, jambo linaloonyesha wazi kwamba majani yanasafisha.

5. Kwa hayo yote naomba bango la uwatu libanduliwe, dirisha la dawa lifungwe, panya waachiliwe, nami niteuliwe mshauri wa kitengo. Mke wangu apewe koti jeupe. Vipimo vyake ninavyo, nitamshonea mwenyewe.

Nisalimie wauguzi wote, na yule mama wa mapokezi anayenifokea, mwambie sina kinyongo naye. Panya nao wape pole.

Wako katika kuitafuta afya,
Fundi wa Kona

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea mke wangu, asikie ilivyokaa. Nilipofika namba nne aliacha kutwanga. Akasema, "Baba watoto, wewe uliacha vidonge. Mimi sikuacha kukupa. Navitwanga humo humo." Anasema aliniona sishauriki, akaogopa kubaki mjane, na kwamba majani ni ya kunifurahisha tu.

Nimeona aibu, lakini hofu imezidi. Kaka yangu anakunywa majani matupu. Nikimwambia aje kupimwa atabisha mpaka jioni, maana ubishi wetu tumezaliwa nao. Hivyo nimempa barua hii ailete mkononi, nikamwambia ni jambo la heshima na la haraka. Mke wangu anamsindikiza. Kaka ndiye huyo aliyekaa mbele yako na chupa ya maji.

Futa namba zote tano. Na kama umeisoma barua yote kwanza, nisamehe kwa urefu wake. Mpime.